Siku Mzee Farajala Aliponyamazisha Ngoma

Nakumbuka Jumamosi moja pale Makindye, mjini Kampala, mwanangu, enzi ambazo nywele zangu zilikuwa nyeusi na maneno yangu yalikuwa mengi kuliko kazi yangu. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Bungoma nikiwa na miaka michache tu ya ufundi, na tayari watu wa mtaa walikuwa wakiniita Fundi Wekesa. Jina hilo lilinilevya. Kijana akiitwa fundi mapema, huacha kuuliza.

Nakusimulia haya kwa sababu hapa gerejini kwangu Bukoto haupiti muda bila mtu kuniletea gari linalozima likisimama. Unaijua hali hiyo. Ukikanyaga mafuta, injini inaitika vizuri. Ukiondoa mguu, sauti inashuka, gari linatetemeka, halafu kimya, na nyuma yako foleni nzima inakupigia honi. Ule mngurumo wa gari lililosimama, ambao mguu hauko kwenye mafuta, sisi mafundi tunauita sailensi. Na kila mwenye gari huja na ombi lilelile: "Mzee, ongeza sailensi kidogo tu niende, niko na haraka." Nikikataa wananiona mkaidi. Wengine huondoka wakaenda kwa jirani, wakaongezewa, wakapita hapa mbele wakinipungia mkono. Siwalaumu. Hawakuwepo Makindye siku ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya Mzee Farajala. Alikuwa Mnubi, wa kizazi cha wale askari walioletwa kutoka Sudan zama za wakoloni, na yeye mwenyewe aliendesha na kutengeneza magari ya jeshi mpaka alipostaafu. Alinipa kona ya uwanja wake nifanyie kazi. Nadhani alipenda kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, au pengine alinihurumia tu, kijana wa watu asiye na ndugu mjini. Alikuwa na mazoea yaliyonichosha sana. Gari likiletwa, hakufungua boneti. Aliliwasha, akaliacha lingurume lenyewe, akasimama kando yake mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayesikiliza hotuba.

"Injini ukiikanyaga inakuonyesha nguvu zake," alikuwa akiniambia. "Ukiiacha peke yake, hapo ndipo inakuambia ukweli."

Nilikuwa nikiitikia "ndiyo, Mzee" huku nikitafuta spana. Ujana ni maradhi, mwanangu, na dawa yake haiuzwi dukani.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Mariam, aliyemlea bila mama, kwa maana mkewe alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa. Posa ilipokuja kutoka kwa familia moja ya wafanyabiashara wa Old Kampala, Mzee aliikataa, akasema binti amalize kwanza masomo yake ya uuguzi. Familia ile haikuzoea kuambiwa hapana. Walingoja, lakini hawakusahau. Mariam alipomaliza masomo walirudi, na safari hii Mzee akakubali kwa moyo mweupe. Hata hivyo maneno yalikwisha kuota mizizi mtaani. Watu walisema Farajala hawezi kumtoa binti yake, mtaona, atapata sababu.

Basi siku ya harusi, nikaha ilifungwa msikitini baada ya sala ya Adhuhuri. Baada ya Alasiri wakaja watu wa bwana harusi kumchukua mke wao, wakiongozwa na Hajji Kassim, ami yake bwana harusi. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa dukani kwake. Bwana harusi mwenyewe alikuwa akingoja Old Kampala pamoja na wageni, na ilikuwa lazima bibi harusi afike kabla ya Magharibi. Uwanja wa Mzee Farajala ulikuwa umejaa. Akina mama walikuwa wamevaa gurbaba zao, zile nguo za Kinubi za rangi kali, wanapiga doluka, ngoma yao ya harusi, na kuimba, na vigelegele vilikuwa vikipasua masikio. Hata mimi Mkristo wa Bungoma nilikuwa nimeshonewa kanzu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililotubana. Katika ukoo wa Mzee Farajala, bibi harusi hutoka nyumbani kwa gari la baba yake, na akishaketi ndani yake hashuki mpaka afike kwenye mlango wa mumewe. Akishuka njiani, walisema, ataishi maisha ya kufungasha na kufungua. Gari la Mzee lilikuwa Toyota Corolla nyeupe. Siku za kawaida mpwa wake, Juma, alikuwa akiliendesha kubeba abiria wa kukodi. Wiki nzima Mzee alimwuliza Juma, "Gari iko sawa?" na wiki nzima Juma alijibu, "Iko sawa, Mzee, usiwe na wasiwasi." Mzee alikuwa na wageni, mapishi na mahema ya kushughulikia, akamwamini.

Mariam akatolewa, amefunikwa mtandio, hina mpaka kwenye viwiko. Akaingizwa kiti cha nyuma, shangazi yake akaketi kando yake. Juma akawasha gari. Likanguruma, akaondoa mguu kwenye mafuta ili atie gia, sauti ikashuka, gari likatikisika mara mbili tatu, likazima.

Watu wakacheka. Juma akawasha tena, likazima tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mzee Farajala alikuwa amesimama mlangoni kwake, na nilimwona akiinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyozoea.

Mimi sikungoja kuitwa. Nilikunja mikono ya kanzu, nikafungua boneti, nikachukua bisibisi. Magari ya wakati ule yalikuwa na kabureta, na kwenye kabureta palikuwa na skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha sailensi. Ukiizungusha kidogo upande mmoja, injini inapanda sauti na gari haliwezi kuzima. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Tayari niliona jinsi nitakavyosifiwa: Fundi Wekesa ameokoa harusi.

"Wekesa," sauti ikasema nyuma yangu. "Weka bisibisi chini."

"Mzee, ni kuongeza kidogo tu. Wafike, wakirudi tutaiangalia vizuri."

"Nimesema weka chini."

Nikaweka. Mzee akaja akasimama mbele ya injini, kanzu yake nyeupe ikigusa bampa, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Hii injini inalalamika, na wewe hujaiuliza inalalamika nini. Unataka kuipigisha kelele ili usisikie. Hiyo si ufundi. Hiyo ni woga."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini neno lile lilinichoma kuliko tusi, kwa sababu lilikuwa kweli. Niliogopa wale watu waliokuwa wakitutazama. Sikuwa nikiifikiria injini hata kidogo.

Akaanza kutafuta. Alimwambia Juma awashe na ashikilie mafuta kidogo kidogo. Mimi nikatoa chujio la hewa, lilikuwa safi. Akachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, na kila alipochomoa mmoja injini ilizidi kudhoofika, maana yake plagi zote zilikuwa zinafanya kazi. Petroli ilifika vizuri. Hayo yote yalichukua muda, na wewe fikiria muda huo ulivyokuwa mrefu, bibi harusi ameketi ndani, jua linashuka, na wale watu wa bwana harusi wamepanga mstari wakitazama saa.

Jirani mmoja Mganda, tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha, akatoa shauri kwa nia njema kabisa. "Banange, Mzee, si tusukume tu? Hapa ni mteremko. Gali ikishuka, Juma atatia gia, itashika yenyewe. Balabala iko wazi."

Vijana wakashangilia. Tayari wengine walikuwa wameweka mikono kwenye buti. Unaijua ile barabara ya kushuka kutoka Makindye. Wakati ule ilikuwa mbaya zaidi, na chini kabisa palikuwa na makutano yenye watu na baiskeli.

"Hakuna mtu anasukuma hii gari," Mzee akasema.

Hapo ndipo Hajji Kassim alipopoteza subira. Akasogea karibu, na ingawa alijaribu kusema polepole, wote tulimsikia. "Mzee Farajala, sisi tunakuheshimu. Lakini huyu ni mke wetu tangu Adhuhuri. Mara ya kwanza ulisema masomo, tukangoja. Leo unasema gari. Kama hutaki kutoa mtoto, sema mbele ya watu, sisi turudi nyumbani."

Minong'ono ikaanza uwanjani. Kumbe kila mtu alikuwa na wazo hilohilo mfukoni. Nikatazama kioo cha nyuma cha gari, nikamwona Mariam ameinua mtandio. Alikuwa akimtazama baba yake. Sikuona hasira usoni mwake, mwanangu, niliona kitu kibaya zaidi. Niliona kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuamini.

Nilitegemea Mzee angejitetea. Mtu mwingine angepandwa na hasira, au angeniambia, "Haya, Wekesa, ongeza hiyo skrubu waende zao." Heshima yake yote ilikuwa pale uwanjani, na ndoa ya mtoto wake, na skrubu ilikuwa upana wa kidole kutoka mkononi mwake. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipomwona mtu anaulipia.

Mzee aliwageukia akina mama wa doluka. "Mama zangu, dada zangu," akasema. "Naomba munyamaze. Ngoma na vigelegele, vyote. Nataka kusikia."

Hujawahi kuona harusi iliyonyamazishwa na baba wa bibi harusi, na Mungu akuepushe. Mikono ilibaki juu ya ngoma. Mama mmoja mzee alishika kinywa. Kwa watu wale, kunyamazisha ngoma wakati bibi harusi anatoka ni kama kuleta matanga mahali pa furaha, na walioanza kulaani kwa midomo walikuwa ndugu zake mwenyewe. Hajji Kassim alitikisa kichwa akiwaangalia wenzake, maana sasa alikuwa amepata ushahidi.

Mzee akachukua kipande cha mpira mwembamba, mwisho mmoja akauweka sikioni, mwingine akautembeza juu ya injini pole pole, huku Juma akishikilia mafuta kidogo. Sisi wote tulisimama tunasikiliza na hatujui tunasikiliza nini. Katika ukimya ule nilisikia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa Mariam, analia ndani ya gari, kilio cha chini cha mtu anayeona haya kusikika. Mzee alimsikia pia. Niliona mkono wake ukisimama, kisha ukaendelea.

Cha pili kilikuwa kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Sss. Kilitoka nyuma kabisa ya injini, upande wa dereva.

"Hapo," Mzee akasema. "Wekesa, leta plaizi."

Kuna mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, lile bakuli kubwa la chuma linaloupa mguu wako nguvu unapokanyaga breki. Busta hiyo hufanya kazi kwa kuvutwa hewa na injini. Mzee akaubana mpira ule kwa plaizi, karibu na injini. Hapohapo, bila mtu kugusa skrubu, injini ikapanda sauti yenyewe. Ikapanda mno, ikapiga kelele kuliko inavyotakiwa. Akauachia, ikadhoofika. Akaubana tena, ikapanda.

Akapitisha vidole chini ya mpira, mahali ambapo jicho halifiki, akakuta umepasuka pale unapoingia kwenye busta. Ufa ulikuwa mrefu kama kiungo cha kidole. Injini ilikuwa ikivuta hewa kupitia pale, ndiyo maana ilikuwa ikizima, na busta haikupata mvuto wa kuusaidia mguu.

Mzee akamgeukia Hajji Kassim. "Hajji, naomba uje ukae hapa kwa usukani. Juma, shuka."

Hajji alisita, lakini alikuja akaketi. Mzee akamwambia akanyage mafuta kidogo gari lisizime, kisha akanyage breki kwa mguu wa kushoto. Hajji akakanyaga. Nilimwona usoni alipokanyaga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, mgongo ukigandamiza kiti. Breki ilikuwa ngumu kama jiwe, na breki ya namna hiyo hailizuii gari mteremkoni. Hajji Kassim alikuwa na magari yake mwenyewe, hakuhitaji kufafanuliwa. Akaangalia mbele kupitia kioo, kule barabara inakoshukia, akaangalia kioo kidogo cha nyuma ambamo alimwona Mariam. Akazima injini, akatoka taratibu.

"Allah," akasema, basi.

Mzee akaniuliza mimi swali ambalo sikulitegemea. "Wekesa, kama ungeongeza skrubu, ingekuwaje?"

"Gari lingezima njiani, Mzee."

"Hapana. Gari ingeenda vizuri. Ingetoka hapa na vigelegele, na mimi ningekushukuru. Ingefika pale chini vizuri kabisa, kwa mwendo mzuri, na bibi harusi ndani yake." Akaionyesha bisibisi kwa kidole. "Ndiyo hatari ya hiyo dawa yako. Inafanya kazi."

Kisha akamwita mpwa wake. Injini ilikuwa imepiga kelele mno mpira ulipobanwa, na fundi wa kweli hawezi kupita jambo kama hilo bila kuuliza. "Juma. Nani alishika skrubu ya hii gari?"

Juma alianza kusema hajui, akaona macho ya mjomba wake, akaacha. Alikuwa ameiongeza yeye. Wiki kadhaa gari lilikuwa likizima na abiria, akaongeza kidogo. Likaanza tena, akaongeza tena. Kila mara ufa ulikuwa mkubwa zaidi, na kila mara kelele ikaufunika. Breki aliona zinakuwa nzito, akadhani ni mguu wake umechoka kwa kuendesha kutwa. Hakuwa kijana mbaya, Juma. Alikuwa na haraka, kama wewe na mimi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta nyingine huwezi kuzijenga tena, kwa sababu zimewaangukia watu.

Mzee hakumpiga wala kumtukana. Alimwambia tu, "Leo huendeshi." Juma akaenda kuketi nyuma ya nyumba, na wengi wetu tulijifanya hatumwoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata kuitaja naona haya. Mpira ulipasuka karibu na mwisho, na ulikuwa na urefu wa kutosha. Tukaukata pale ulipopasuka, tukauvuta, tukaurudisha mahali pake, tukaukaza kwa klipu. Nikawasha gari. Likapiga kelele, na hapo Mzee mwenyewe akachukua bisibisi ile niliyokatazwa, akairudisha skrubu chini, polepole, mpaka injini ikatulia na kunguruma kwa upole. Tukajaribu breki mara nyingi, tukilisogeza gari mbele na nyuma uwanjani. Mguu ulizama vizuri. Hajji Kassim akasimama kando yetu muda wote, ameshika taa ya gereji ingawa bado kulikuwa na mwanga, kwa sababu nadhani alitaka mikono yake ifanye kitu.

Kanzu ya Mzee ilikuwa imeharibika, grisi mpaka kifuani. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akaenda kwenye dirisha la nyuma. Mimi nilikuwa nikifunga boneti, sikuwa mbali, na sikusikiliza kwa kusudi. Lakini nilisikia.

Mariam alimwuliza, "Baba, ulikuwa unataka nibaki?"

Yule shangazi akageuza uso upande wa pili. Nilidhani Mzee atasema hapana, kama mzazi yeyote angesema mbele ya wakwe.

"Ndiyo," akasema. "Tangu asubuhi natamani ubaki. Hata usiku sikulala. Lakini mama, kama ningetaka kukuzuia, ningekuambia kwa mdomo wangu. Singejificha nyuma ya gari. Sasa imepona. Nenda."

Mariam akatoa mkono wake wenye hina, akaushika mkono wa baba yake uliokuwa mweusi kwa grisi, akaubusu, na shangazi hakuthubutu kumkataza. Hajji Kassim alikuwa amesimama hapo karibu. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akasema, "Mzee Farajala, nisamehe. Mimi nitaendesha mwenyewe, na nitaendesha polepole." Mzee akampa funguo.

Halafu akawageukia akina mama wa doluka, akawaambia, "Kale, haya, pigeni sasa." Wakapiga mpaka vumbi likatimka. Gari likashuka Makindye likiwa na taa nyekundu za breki zikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na Mzee Farajala alisimama barabarani na kanzu yake ile chafu mpaka lilipopotea. Walifika Magharibi imeshaadhiniwa. Nasikia hakuna mgeni aliyethubutu kulalamika, kwa maana Hajji mwenyewe alisimama akawaeleza kwa nini wamechelewa.

Mzee Farajala ametangulia mbele za haki. Mariam alikuwa muuguzi miaka mingi, na sasa ni bibi mwenye wajukuu wanaomsumbua. Kila nikimwona akivuka barabara na watoto hao, huwa nahesabu moyoni watu ambao wasingekuwepo, na huwa nabaki nimesimama kama mjinga na spana mkononi.

Basi, mwanangu, shika haya. Gari likizima likisimama, usikimbilie kuliongezea sauti. Angalia chujio la hewa, angalia plagi, angalia mafuta, na hasa zima redio, nyamazisha kila mtu, utafute mahali linapovuta hewa isiyostahili. Magari ya leo hayana kabureta. Yana kompyuta, na gari likiwa na hitilafu inakuwashia taa. Lakini nimewaona vijana wakiizima hiyo taa kwa mashine na kumrudishia mtu gari lake akitabasamu. Ni woga uleule, umevaa nguo mpya. Safisha mlango wa hewa ulioingia masizi, kagua mipira yote mpaka chini kusikoonekana, na jambo ambalo hulijui, sema hulijui. Mteja akikasirika, mwache akasirike. Hasira yake itapoa jioni. Kaburi halipoi.

Wala usidhani nakuambia habari za injini peke yake. Nyumbani kwako mtu akianza kuongea chini, mkeo au mumeo, au mtoto aliyekuwa mcheshi akawa anaitikia tu "mm", usimfunike kwa karamu na zawadi na kelele za jamaa. Kaa naye pasipokuwa na kelele, umsikilize mpaka ujue panapovuja. Na wewe mwenyewe ukiwa na neno moyoni, litoe kwa mdomo, kama Mzee alivyolitoa pale dirishani mbele ya wakwe zake. Usilitume lizunguke kwa sababu nyingine. Mficha maradhi kilio humfichua. Na siku utakapolazimika kuchagua kati ya watu kukushangilia na watu kufika salama, Mungu akupe moyo wa kuomba ngoma zinyamaze, hata kama wewe ndiye mwenye harusi.

Mwenyezi Mungu akupe sikio zuri kabla hajakupa mkono mwepesi. Akupe wazee wa kukuambia "weka chini", na akupe unyenyekevu wa kuweka. Wote utakaowawashia gari, wafike. Amina.